Neno Ulijualo Nusu: Darsa ya Kiingereza Kutoka Kitale na Bungoma



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyempa mwanadamu ulimi na akili ya kuutumia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya haya:

Mpenzi msomaji, juma hili naomba ruhusa yako niyaweke kando masuala ya ibada niliyozoea kuyaandika katika ukurasa huu, nizungumze nawe juu ya maneno magumu ya Kiingereza. Najua wako watakaostaajabu. Sheikh aliyekulia juu ya mkeka wa madrasa ana nini na Kiingereza? Jawabu ni kwamba neno moja tu la lugha hiyo lilikaribia kuwanyima mayatima wawili shamba la baba yao, na aliyelifasiri neno hilo vibaya ni mimi.

Karatasi ya Kitale

Wasomaji wangu wa Pwani wanajua kwamba kwa miaka mingi nimeigawa wiki yangu mara mbili. Siku za katikati ya juma nasomesha madrasa Kitale, na mwisho wa juma nateremka Bungoma, kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye, kuendesha darsa ya akina mama. Ni nchi ya mahindi na baridi ya asubuhi, mbali na minazi yetu. Waislamu wa huko si wengi, nao wametoka pande nyingi: Wabukusu wenyeji, Wasomali, watu wa Mumias, na sisi tuliopanda kutoka Pwani. Mahali kama hapo sheikh huwa mambo mengi kwa pamoja. Huswalisha, husomesha, husuluhisha wenye ugomvi, na husoma barua za watu. Mtu akipokea karatasi asiyoielewa humpelekea sheikh, kwa dhana kwamba anayekisoma Kiarabu hawezi kushindwa na Kiingereza.

Miaka kadhaa iliyopita mjane mmoja alinijia baada ya swala ya Alasiri. Eda yake ilikuwa imekwisha. Mumewe, ambaye wazazi wake walikuwa wametangulia mbele ya haki, alimwachia binti wa kidato cha tatu aliyesoma shule ya bweni Bungoma, mtoto wa kiume wa darasa la tano, na shamba la ekari mbili na nusu upande wa Kiminini. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikuwa amempelekea karatasi ya ukurasa mmoja iliyopigwa taipu, akamwambia aitie sahihi ili mambo ya shamba yanyooke.

"Ustadh," akaniambia, "Kiingereza changu ni cha sokoni. Nisomee, uniambie kama nitie."

Nikavaa miwani. Yalikuwamo maneno mengi nisiyoyajua. Lakini mbele ya mama yule, na vijana wawili wa madrasa wakinitazama, ulimi ulishindwa kutamka "sijui". Nikatafuta neno moja ninalolijua ili nilishikilie. Nikaliona: “interest”. Neno hili nalijua vizuri! Ni mara ngapi nimelikemea juu ya mimbari nikiwaonya watu na mikopo ya benki? “Interest” ni riba. Karatasi ilisema kwamba mama huyu “relinquishes all her interest” katika shamba lile. Neno la kwanza sikulijua, ila kwa mwenendo wa sentensi nilihisi kuwa ni kuacha. Basi nikasema kwa sauti ya mtu mwenye yakini: "Mama, hapa inasema unaacha riba yote. Na riba ni haramu. Tia sahihi, ni kheri."

Akatia.

Mwezi wa Agosti shule zikafungwa. Binti akarudi nyumbani, akaiona nakala ya karatasi ile ndani ya Msahafu wa baba yake, mahali ambapo mama huhifadhi vitu vya thamani. Kesho yake walikuja wote wawili. Binti alikuwa na kamusi ndani ya mkoba. Hakunilaumu hata kwa jicho. Alikaa mkekani kwa adabu, akafungua ukurasa, akaweka kidole.

"Ustadh, naomba kuuliza. Neno hili maana yake ni riba peke yake?"

Nilipotazama chini ya kidole chake, uso ulinipata joto. Zilikuwapo maana kadhaa: riba, shauku ya kutaka kujua jambo, maslahi, na hisa au haki ya mtu katika mali. Katika karatasi za ardhi, “interest” ni hiyo haki. Nalo “relinquish” ni kukiachilia kabisa kitu kilichokuwa chako. Mama yule hakuwa ameacha riba yoyote. Alikuwa ameachilia haki yake yote katika shamba, na mstari wa chini ulitaja pia haki ya watoto kwa neno “minors”, ambalo kisheria ni watu wasiotimiza miaka 18.

Utazame msiba huo, msomaji. Mimi nimesomesha elimu ya mirathi kwa zaidi ya miaka ishirini. Hata ukiniamsha usiku wa manane nitakwambia kwamba marehemu akiacha mke, mwana wa kiume na binti, mali hugawanywa mafungu 24: mke hupata 3, ambayo ni thumuni yake, mwana hupata 14, binti hupata 7, na ndugu wa marehemu hapati kitu, kwa kuwa mwana amemzuia. Hesabu niliijua, neno sikulijua. Kwa neno hilo moja nilikuwa nimeifuta hesabu yote na kumkabidhi shamba mtu asiye na fungu.

Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu karatasi ilikuwa bado haijafika mahakamani wala katika ofisi ya ardhi. Lakini shemeji alikuwa na hoja: "Sheikh mwenyewe aliisoma, akamwambia atie." Hoja hiyo ilikuwa na jibu moja tu. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilisimama mbele ya wazee wa msikiti nikasema: nilisoma nisichokijua, nikakifasiri kwa kudhani, nikakosea. Katika umri wangu wote sijasema maneno mazito kuliko hayo. Shemeji aliinamisha kichwa kwa muda mrefu, kisha akaitoa karatasi ikachanwa mbele yetu. Sitaki kumdhania vibaya. Alisema kwamba naye aliandikiwa na mtu mjini, na huenda hakuujua uzito wake. Mirathi ikapelekwa kwa kadhi, na kila mmoja akapata fungu lake.

Kwa nini tujifunze

Sheria ya nchi haikumtupa mjane yule. Sheria ya Urithi ya Kenya, kwa marekebisho ya 1990, inakubali mali ya Mwislamu aliyefariki igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, imezithibitisha mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Yote hayo ni mema. Lakini siku shemeji, wakala wa mikopo au mnunuzi wa shamba anapokuletea karatasi sebuleni, hakuna mkalimani aliyekaa pembeni yako. Na karatasi hiyo, mara nyingi, itakuwa ya Kiingereza.

Baada ya tukio lile niliirudia aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayohusu kuandikiana deni. Nilikuwa nimeisomesha mara nyingi, lakini safari hii niliisoma kama mkosaji. Aya inaamrisha mapatano yaandikwe, na mwandishi awe mwadilifu. Kisha inamtaka yule anayedaiwa, ambaye mzigo uko juu yake, ndiye atoe maneno ya kuandikwa. Akiwa ni dhaifu au hawezi, msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu. Nilijiona katika aya hiyo. Mjane yule alinifanya msimamizi wa ulimi wake, nami nilitamka kwa kudhani.

Wala kujifunza lugha ya wengine kwa ajili ya kulinda haki si bidaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na mtu wake mwenyewe, na imepokewa kwamba Zaid aliyamudu katika muda wa nusu mwezi hivi. Sababu ilikuwa ni barua: kujua kilichoandikwa bila kumtegemea mgeni.

Nasi watu wa Pwani tunao mfano wa karibu zaidi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa magazeti yake Mombasa, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu washike dini yao na wasiikimbie elimu ya zama zao. Alifariki mwaka 1947. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akatoa mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 1979, na akawa miongoni mwa Waafrika waliosikilizwa zaidi duniani kwa Kiingereza chao. Alipofariki mwaka 2014 nchini Marekani alirudishwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya wazee wake. Kiingereza hakikumpotezea njia ya kurudi nyumbani.

Maneno yenye sura mbili

Jumamosi iliyofuata, nilipofika Bungoma, niliwaeleza akina mama wa darsa yaliyonipata, nikapendekeza kwamba baada ya kila somo la fiqhi tutenge nusu saa ya maneno. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa binti yule wa kidato cha tatu, muda wote wa likizo, nami nikikaa mkekani kama mwanafunzi. Kazi ilikuwa kukusanya maneno tunayodhani tunayajua.

Tulianza na ardhi na mikopo. “Caution” kwa desturi ni tahadhari, lakini katika hati ya ardhi ni zuio lililosajiliwa ili shamba lisiuzwe au kuhamishwa bila mwenye dai kuarifiwa. “Charge” wengi tunalijua kwa simu inayotiwa moto, au kwa bei. Juu ya ardhi ni rehani, na asiyelipa deni huenda akauziwa shamba. “Consideration” kwa kawaida ni kufikiria au kujali, lakini katika mkataba ni kile kinachotolewa badala ya kitu, kama bei ya shamba. “Execute” ni kutekeleza. Kwa mtu aliyehukumiwa ni kunyongwa. Kwa hati ni kuitia sahihi ili iwe na nguvu. “Grant” tumelizoea kama msaada wa fedha, lakini katika mirathi ni hati ya mahakama inayompa mtu madaraka ya kusimamia mali ya marehemu, wala haimfanyi kuwa mwenye mali hiyo. “Issue” ni jambo au suala, lakini ukisoma kwamba mtu amekufa bila “issue”, maana yake hakuacha mtoto. “Waive” ni kuisamehe haki yako kwa hiari. “Forfeit” ni kuipoteza kwa sababu ya kosa au kuvunja sharti. “Guarantor” ni mdhamini, na wanawake wengi wa vikundi vya akiba wamelitia sahihi neno hili wakidhani ni shahidi tu. Shahidi huulizwa alichokiona. Mdhamini hulipa mkopaji akishindwa.

Kisha tukaenda hospitali. Mama mmoja alituambia alilia njia nzima kutoka kliniki kwa kuwa majibu yake yaliandikwa “negative”, akajua ni mabaya. Katika vipimo vya maradhi, “negative” ni kutoonekana kwa ugonjwa uliotafutwa, na “positive” ni kuonekana kwake. “Chronic” watu hulifasiri kuwa ni kali mno, kumbe ni maradhi ya muda mrefu, sugu. Yaliyozuka ghafla huitwa “acute”. Nalo “discharge” kwa mgonjwa wa wodini ni kuruhusiwa kurudi nyumbani, kwa daktari wa wanawake ni majimaji yanayotoka mwilini, na kwa shamba lililowekwa rehani ni kufunguliwa kwa rehani hiyo. Neno moja, na milango mitatu.

Mwenye kusoma kidogo cha Kiarabu hatashangaa. Neno “ayn” ni jicho, ni chemchemi ya maji, ni jasusi, ni kitu chenyewe. Na Kiswahili chetu je? Kaa ni kuketi, kaa ni wa baharini, na kaa ni la moto. Hakuna Mswahili anayemtia kaa wa baharini jikoni akidhani atakoka moto, kwa sababu hulisikia neno pamoja na jirani zake. Kosa langu lilikuwa hilo hasa: nilimtoa “interest” katika nyumba ya ardhi nikamfasiri kwa jamaa zake wa benki.

Njia ya madrasa

Mama msomaji, huenda ukasema: mimi nimevuka umri wa shule, nitayapataje maneno haya? Utayapata kwa njia ileile uliyohifadhia Juzuu Amma ukiwa mtoto. Nitakutajia tuliyoyajaribu yakatufaa.

La kwanza ni kusema "sijui". Imam Malik, mwanachuoni wa Madina, amesifika kwa kujibu hivyo maswali mengi aliyoletewa kutoka miji ya mbali. Kama yeye hakuona haya, sisi tunaona haya ya nini? Neno usilolijua kabisa litakufanya uulize. La hatari ni ulijualo nusu, kwa sababu hilo halikuulizishi.

La pili ni kulichukua neno pamoja na sentensi yake. Watoto wetu wa kidato cha nne katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE hupewa kifungu chenye mapengo kumi wayajaze. Zoezi hilo si la mtihani tu. Huwazoesha kuangalia jirani wa neno kabla ya kuamua maana yake. Ukiandika “interest” katika daftari, usiandike "riba" ukafunga. Andika sentensi tatu: ya benki, ya shamba, na ya mtoto anayependa hesabu.

La tatu ni kutafuta shina. Waliosoma sarfu wanajua kwamba kutoka herufi tatu za k, t na b hutoka kitabu, katibu na maktaba. Kiingereza nacho kina mashina, mengi yakitoka Kilatini. “Bene” ni wema, “mal” ni ubaya. Kwa hiyo “beneficiary” ni mwenye kunufaika na mali, na “benefactor” ni mfadhili. Daktari akisema uvimbe ni “benign” si saratani. Akisema ni “malignant”, ni saratani, na usichelewe kutafuta matibabu. Shina “test” ni ushahidi: “testify” ni kutoa ushahidi, “testament” ni wasia, na “intestate” ni aliyekufa bila kuacha wasia. Shina “voc” ni kuita: “advocate” ni aliyeitwa akusemee, “revoke” ni kuirudisha idhini uliyokwisha kuitoa, na “vocabulary” ni maneno tunayoviitia vitu. Nalo lile “relinquish” lililoniaibisha linatokana na kuacha nyuma. Binti alipolifuatilia alikuta jamaa yake wa zamani, “relict”, ambalo katika Kiingereza cha kale cha sheria lilikuwa jina la mjane: yule aliyeachwa nyuma. Alinisomea hilo polepole, kisha akanyamaza. Nami sikuwa na la kusema.

La nne ni tikrari. Neno likisomwa mara moja huruka. Sisi huchukua maneno matatu kwa siku, siku sita kwa juma, na siku ya saba ni ya kurudia yote kumi na nane bila neno jipya. Huo ni mwendo mdogo, lakini kwa wiki hamsini ni maneno 900, na aliyeyashika hata nusu yake ameokoka na karatasi nyingi. Kamusi nzuri inasaidia. Ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI, Dar es Salaam, mwaka 1996, inapatikana na inatoa maana kwa namba. Usiishie maana namba moja. Mimi nilikuwa na namba moja tu kichwani.

La tano ni kulifasiri neno kwa Kiswahili mbele ya mtu mwingine. Huku Bungoma kila mama humfundisha jirani neno moja kabla ya Jumamosi kufika, kwa Kiswahili au kwa Lubukusu. Ukishindwa kulieleza kwa lugha ya mama yako, ujue bado hujalielewa.

Si lugha ya kuinyenyekea

Wapo wanaoogopa kwamba mtoto akizama katika Kiingereza atajiona mdogo, au atawaona wazee wake wadogo. Hofu hiyo ina sababu, nami nimeona vijana wanaorusha maneno makubwa barazani ili wasikiwe, wala si ili waeleweke. Dawa yake ni kuwaonyesha kwamba Kiingereza chenyewe kimekopa, na kimekopa kwetu.

Mwulize mwanao “zero” na “cipher” yametoka wapi. Yametoka katika neno la Kiarabu sifr, nalo ndilo sifuri yetu. “Algebra” ni al-jabr, kutoka jina la kitabu cha Al-Khwarizmi, na “algorithm” ni jina lake yeye mwenyewe. “Tariff”, yaani orodha ya ushuru, ina asili moja na taarifa. “Magazine” ilikuwa ghala kabla ya kuwa gazeti, na shina lake ndilo la hazina. “Admiral”, mkuu wa jeshi la majini, ametoka kwa amiri. “Monsoon”, upepo uliowaleta na kuwarudisha wenye majahazi wa bandari zetu, ni mausimu ya Waarabu, nasi tunauita msimu. “Sofa” anayoipigania kila bibi harusi inatokana na suffa, na kila aliyesoma sira anawajua Ahlu Suffa, mafukara waliolala katika upenu wa Msikiti wa Mtume. Na kutoka kwetu moja kwa moja Waingereza wamechukua safari, wakaiacha kama ilivyo.

Mtoto akiyajua haya hatainama mbele ya Kiingereza, wala hatakidharau Kiswahili chake. Atajua kwamba lugha hukopeshana kama majirani wanavyoombana chumvi. Na Mwenyezi Mungu amezihesabu tofauti za lugha zetu miongoni mwa ishara zake.

Kabla hujatia sahihi

Nakuacha na nasaha chache za nyumbani. Karatasi yoyote ya ardhi, mkopo, ndoa, mirathi au matibabu usiitie sahihi siku ileile uliyoletewa. Anayekuharakisha mwambie kwa upole kwamba utaisoma na familia. Mpe mtoto wako wa sekondari aisome kwa sauti, apigie mstari kila neno lenye shaka, hata analodhani analijua. Yale yaliyobaki mpelekeeni wakili, au mfike kwa kadhi kama ni jambo la mirathi au ndoa. Na kama sheikh wenu atawasomea, mwulizeni bila kuona haya: "Sheikh, neno hili unalijua, au unalidhani?" Mimi hivi sasa huulizwa hivyo kila Jumamosi Bungoma, na mara nyingine hujibu kwamba nalidhani. Hapo tunafungua kamusi.

Shamba la Kiminini lingali na wenyewe. Mjane yule hulima mahindi kila mwaka, na mavuno yaliyopita alinitumia debe moja la mahindi mabichi, na juu yake kijikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wake, kwa Kiingereza, neno moja: “gratitude”. Nilikuwa nalijua, lakini hata hivyo nilifungua kamusi kuhakikisha.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, utulinde na kusema tusilolijua, uwahifadhie mayatima mali zao na wajane haki zao, na uwape watoto wetu ndimi za kweli katika kila lugha watakayoisema. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.